Mwaka mzima wa kulipwa kusoma barua pepe: daftari langu hili hapa, tusidanganyane

#1 – mwana_mazimbu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii peke yake watu watatu wamenitumia WhatsApp linki za aina moja: lipwa kwa kusoma barua pepe, hakuna kiingilio, hela kila siku ukiwa umelala kitandani. Mmoja wao ni mdogo wangu wa damu. Nimeona badala ya kumjibu kila mtu peke yake nifungue uzi, maana kazi hii nimeifanya mwaka mzima, Februari 2013 mpaka Januari 2014, nikiwa chuo Morogoro. Na nina daftari. Kaunta buku ya kwaya mbili, ipo mpaka leo, imeliwa pembeni na panya. Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja alikuwa anasoma uhasibu, akanicheka, akaniambia biashara isiyo na daftari ni sadaka. Basi kwa hasira nikawa naandika kila usiku.

Kwa ambaye hajui: mwenye tangazo anaipa programu, yaani ile tovuti unayojiunga nayo, hela, tuseme ya barua elfu kadhaa. Programu inazituma kwa wanachama wake. Barua inakuja na mistari miwili mitatu ya maneno na linki ndefu ambayo ndani yake kuna namba yako. Unabofya. Ukurasa unafunguka na juu kabisa kuna saa inayohesabu kurudi nyuma: 20, 19, 18. Ukihamia ukurasa mwingine saa inasimama, kwa hiyo lazima uitumbulie macho. Ikifika sifuri inaletwa kapcha, ama hesabu ya kujumlisha ama picha tano na moja imegeuzwa kichwa chini. Ukipatia, salio linaongezeka.

Hakuna anayehakikisha kama umesoma. Nikiwaambia nilisoma hata barua kumi kati ya zile zote nitakuwa naongopa. Mimi nilikuwa nasoma saa.

Nyingine zilikuwa mtego. Imeandikwa wazi kabisa, "usibofye linki hii, imewekwa kukamata wanaotumia mashine". Ukiwa na usingizi unabofya kwa mazoea, salio linakatwa. Nimekatwa mara mbili.

Bei sasa. Kubwa niliyowahi kuona ni senti 2 za dola kwa barua moja, na niliiona mara tatu mwaka mzima. Nyingi zilikuwa dola 0.001, na zipo za 0.0005, yaani ubofye 20 ndipo upate senti moja. Za senti mbili zilikuwa zinakwenda kwa watu wa Marekani na Uingereza, kwa sababu mwenye duka la Ohio hana haja na mteja wa Msamvu, Morogoro. Sisi tulikuwa tunapata makombo, na makombo yenyewe, mkiniuliza yalikuwa matangazo ya nini, nitawaambia: sehemu kubwa yalikuwa yanatangaza programu nyingine za kulipwa kusoma barua pepe! Yaani wauza maandazi wanakaa kwenye mstari mmoja wanauziana wenyewe kwa wenyewe. Zilizobaki ni kamari na dawa za kupunguza unene.

Nilianzia intaneti kafe karibu na stendi, buku moja kwa saa. Baadaye nikanunua modemu ya mkononi mwa mtu, nikahamia bando la usiku. Hapo ndipo pa kuchekesha. Naweka alamu saa tisa usiku, naamka, nafungua laptopu ya kuazima, nabofya mpaka saa kumi na nusu, mwenzangu anafunika kichwa na shuka analalamikia mwanga. Mei mwaka ule Gmail wakaleta vile vichupo, barua zangu zote zikawa zinaangukia kwenye kichupo cha matangazo. Nilikaa siku nne nikidhani programu zimekufa. Nilipozikuta, nyingi linki zilikuwa zimeshaisha muda. Nikaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu: "hasara ya siku 4, kama senti 5." Nilisikitika kweli kweli, wakuu. Kwa senti tano.

Mahesabu ya mwisho wa mwaka, programu nne kwa pamoja:

Barua nilizobofya: 3,980.
Zilizoingia kwa kubofya kwangu mwenyewe: dola 4.38.
Zilizoingia kupitia watu niliowaingiza: dola 6.10.
Jumla kwenye salio: 10.48.

Msishangilie. Programu moja ilifunga milango Septemba ikiwa na 2.90 zangu. Nyingine ikanifungia akaunti kwa kosa la "watu wawili, anwani moja". Kosa lenyewe ni kwamba mtu mwingine pale kafe naye alikuwa amejiunga, na wao wanaruhusu akaunti moja kwa anwani moja ya intaneti. Na hata ukitumia simu yako mwenyewe hujapona, maana mitandao ya simu inawapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Mtu usiyemjua wa Kigoma anaweza kukuponza wewe uliyeko Kihonda. Pale nikaacha 1.38.

Zikabaki 6.20. Kuzitoa nako ni kisa. PayPal kwa Tanzania ilikuwa inakuruhusu kulipa watu, kupokea hapana. Kwa hiyo nikapitishia kwenye pochi nyingine ya mtandaoni, wakakata senti 20, halafu nikamuuzia jamaa mmoja aliyekuwa anahitaji dola za kulipia kikoa cha tovuti. Dola ilikuwa kwenye 1,600, yeye akanunua kwa 1,400 kwa sababu alijua sina pa kwenda. Nikapokea 8,400 kwenye simu.

Matumizi: saa tisa za kafe, 9,000. Bando, nikitoa lile ambalo ningelitumia hata hivyo, 21,500. Jumla 30,500.

Nilifanya kazi ya kulipia. Hasara 22,100, na hapo sijahesabu usingizi. Nikichukua sekunde 40 kwa kila barua, ukurasa kufunguka na saa kuisha, ni kama saa 44. Hata kama bando lingekuwa la bure, 8,400 gawanya kwa 44 ni mia na tisini kwa saa.

Sasa kilichonifanya niandike uzi siyo hiyo hasara. Rudini kwenye ile 6.10.

Niliingiza watu 31. Wanachuo wenzangu, binamu zangu wawili, mwalimu wangu mmoja wa sekondari. Nilikuwa nimebandika linki yangu kila mahali, mpaka kwenye ukurasa wa kwaya. Kubofya kwao kote, wote 31, kuliniletea dola 2.10. Zile 4 zilizobaki zilitoka kwa watu wawili tu, ambao walinunua "uanachama wa dhahabu" kwa dola 20 kila mmoja ili walipwe mara mbili kwa kila barua. Mimi nikapewa asilimia 10. Dola 20 ilikuwa 32,000, zaidi ya siku nne za bumu letu (hela ya kujikimu chuoni) la wakati ule. Na mimi ndiye niliyewaambia inalipa. Sikuwa nimewahi kutoa hata senti siku ninawaambia.

Kwa hiyo mdogo wangu anaponitumia linki, najua anachokitafuta. Hatafuti nisome barua.

Nawasilisha.

#2 – kiberiti_baridi

Hii chai ina tangawizi mkuu 😂 Alamu saa tisa usiku kwa senti tano!

Ila naomba nikusahihishe jambo moja, usiwatie watu uoga. Kuna wanaolipwa. Nina rafiki yangu anapiga hela nzuri tu.

#3 – mwana_mazimbu

@kiberiti_baridi mkuu muulize rafiki yako ana watu wangapi chini yake. Mimi nimetoa daftari, na yeye alete lake.

#4 – shangazi_wa_theluji

Salaam kutoka Minneapolis. Niwape ya huku ili msidhani tunaoishi Marekani tunaogelea.

Hapa Minnesota ndiko ilikoanzia InboxDollars, kijana mmoja anaitwa Daren Cotter aliianzisha mwaka 2000 akiwa bado mwanafunzi. Ipo mpaka leo, ilinunuliwa na kampuni ya Prodege mwaka 2019, hao hao wenye Swagbucks. Ni programu halali, inalipa, mimi mwenyewe nimelipwa. Lakini ni ya wakazi wa Marekani. Ukijiunga kutoka Dar kwa kujificha nyuma ya VPN wanakuacha ubofye wee, siku ya kutoa hela ndiyo wanakuuliza uko wapi.

Nilijiunga nikiwa nimejifungua, niko nyumbani, mtoto hanipi nafasi. Barua moja senti 2 au chini yake. Kima cha kutoa kilikuwa dola 30. Wanakupa dola 5 ya kukaribisha ili ujione uko karibu. Kwa kusoma barua peke yake ningefika mtoto akiwa shule. Nikaanza kujibu madodoso, dakika 20 unaulizwa sabuni unayofulia, halafu katikati wanakwambia "samahani, hufai kwa dodoso hili". Ilinichukua miezi saba. Nikanunua nepi. Maboksi mawili.

Mwezi wa nane nilianza kumsukia nywele mama mmoja wa Liberia jirani yangu Jumamosi moja, nikapata zaidi ya zile za miezi saba. Huo ndio mwisho wa mimi na barua pepe.

#5 – Nakuru_Kwa_Nyanya

Mimi ni wa upande wa pili wa mpaka, mtanisamehe Kiswahili changu.

Sisi hapa kwetu shida ya kutoa pesa ilipungua, maana tangu 2018 unaweza kutoa kutoka PayPal moja kwa moja hadi M-Pesa. Lakini hiyo imefanya mambo kuwa mabaya zaidi! Zamani hizi vitu zilikuwa za watu wachache wa saiba. Siku hizi hata nyanyangu akiambiwa "utatumiwa kwa M-Pesa" anaamini, kwa sababu M-Pesa anaijua. Jina lile linaaminisha watu.

Na Wakenya hatujifunzi. Ile kamati ya serikali iliyoongozwa na marehemu Nyenze ilichunguza zile piramidi za 2006, 2007 hivi, ikapata watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya bilioni 8. Shilingi za Kenya hizo. Walimu, mabenki ya akina mama, makanisa. Miaka kumi baadaye tukaanza kulipwa kwa "kulaiki".

#6 – kiberiti_baridi

@Nakuru_Kwa_Nyanya nasi tulikuwa na piramidi yetu ya DECI 2009, "panda mbegu uvune". Baba yangu alipanda. Tusiongelee.

#7 – mzee_wa_modemu

Vijana mnaongea kama haya mambo yalianza 2013. Ngojeni niwape historia kidogo, nilikuwa na intaneti kafe Mwanza wakati ninyi mnanyonya.

Wazo la kumlipa mtu aangalie tangazo ni la 1996 huko California. CyberGold wakawa wanakupa senti kadhaa ukifungua tangazo na kulisoma. Mwaka ule ule MyPoints nao wakaanza, wao kwa pointi badala ya hela taslimu, na barua pepe ndiyo ilikuwa njia yao. Mwaka 2000 MyPoints wakainunua CyberGold.

Ila iliyotikisa dunia ni AllAdvantage ya 1999, mji wa Hayward. Unaweka utepe wa matangazo chini ya skrini, unalipwa senti 50 kwa kila saa unayoperuzi, na senti 10 kwa kila saa ya mtu uliyemleta, na bado unapata kitu kwa watu aliowaleta yeye. Watu wakawa hawaperuzi tena, kazi yao ni kuleta watu. Halafu vijana wakatunga programu za kusogeza kipanya chenyewe mtu akiwa amelala, utepe unadhani unaperuzi. Kampuni ikawa inalipa wanachama kuliko inavyoingiza kwa matangazo. Februari 2001 ikafungwa. Na hao walikuwa wamemwagiwa mitaji ya mamilioni ya dola na wawekezaji wakubwa.

Kwa hiyo mwana_mazimbu, kosa siyo la Msamvu wala la modemu yako. Mtu anayelipwa kusoma tangazo hanunui. Mwenye duka akishagundua hilo anapunguza bei. Anapunguza tena. Ndiyo maana ukakuta 0.0005.

Hata ClixSense, ambayo ilikuwa inaheshimika kwenye kubofya, mwaka 2017 iliondoa kabisa matangazo ya kubofya ikabaki na madodoso na kazi ndogo ndogo, 2019 ikabadilisha jina ikawa ySense. Wenyewe waliona mbele hakuna kitu.

#8 – bint_forodhani

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Mimi naulizia jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mleta uzi amesema matangazo mengi ni ya kamari. Sasa mtu anayelipwa kufungua tangazo la kamari, hata kama hachezi, ile pesa ikoje? Mume wangu kanambia ni sawa na kijana anayegawa vipeperushi vya baa. Mimi sijaridhika.

#9 – mwana_mazimbu

@bint_forodhani waaleikum salaam dada. La halali na haramu muulize sheikh wako, mimi sina elimu hiyo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kwenye fomu ya kujiunga kulikuwa na orodha ya mambo unayoyapenda, unaweka alama. Kamari sikuiwekea alama. Ililetwa hivyo hivyo.

#10 – bint_forodhani

Basi nimepata jibu langu. Ahsante.

#11 – dereva_wa_bajaji_tegeta

Mimi nimelizwa mwaka jana, niwaeleze yangu maana ni tofauti na ya mleta uzi.

Nilitumiwa ujumbe Telegram na namba ya nje, Kiswahili kimenyooka. Kazi: unatumiwa barua pepe kumi kwa siku za "wateja wetu", unafungua, unapiga picha ya skrini, unatuma kwenye kundi. Siku ya kwanza 4,000 kwenye simu. Siku ya pili 4,000. Siku ya tatu 4,000. Mimi ni dereva, abiria wa 4,000 namtoa jasho mpaka Mwenge, huku nafungua barua nikiwa kijiweni nakunywa kahawa. Nikamwonyesha mke wangu.

Siku ya nne wakasema ngazi yangu imeisha, nifungue ngazi ya pili kwa 50,000, nitalipwa 15,000 kwa siku. Nikatoa. Nikaona salio linapanda kwenye programu yao, siku tatu, 45,000. Nikitaka kutoa naambiwa salio la ngazi ya pili linatoka likifika laki mbili, au nilipie ngazi ya tatu laki moja na hamsini litoke leo leo. Nikakopa kijiweni. Kwenye kundi tulikuwa watu kama 200, kila dakika mtu anaweka picha ya ujumbe wa "umepokea". Nikaja kugundua baadaye wale wengi ni wao wenyewe.

Asubuhi moja kundi halipo.

12,000 niliyopewa ndiyo iliyonichomoa laki mbili. Kama wasingenilipa zile siku tatu nisingetoa hata mia.

#12 – kiberiti_baridi

Pole sana mkuu.

#13 – mwana_mazimbu

Pole ndugu yangu. Hii ndiyo tofauti ninayotaka watu waione. Programu zangu za 2013 zilikuwa za kinyonge, lakini zilikuwa na mwenye tangazo upande wa pili, ndiyo maana zilikuwa zinalipa senti. Sasa jiulize: ni nani huyo duniani anayelipa 15,000 kwa barua kumi, yaani 1,500 ili barua moja ifunguliwe na dereva wa bajaji asiyemjua? Kama 3,980 ziliniletea dola nne na ushee, barua yako moja ya ngazi ya pili uliahidiwa zaidi ya mia tano za kwangu. Hakuna mwenye tangazo hapo. Hela yako ya ngazi ya pili ndiyo 4,000 ya mwenzako wa siku ya kwanza.

#14 – mzee_wa_modemu

Na hilo limeshathibitishwa hadharani. Julai 2016 Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani iliishtaki Traffic Monsoon ya Utah. Ilijitangaza kama kampuni ya matangazo, unabofya unalipwa. Lakini ilikuwa inauza vifurushi vya dola 50, ukibofya matangazo kila siku kifurushi kinarudi 55. Tume ikasema karibu mapato yote yalitoka kwenye kuuza vifurushi hivyo, siyo kwenye matangazo, na waliotangulia walikuwa wanalipwa kwa hela za waliofuata. Dola milioni 207, watu zaidi ya 162,000. Asilimia 90 walikuwa nje ya Marekani. Kubofya kulikuwa ni mchezo wa kuwafanya watu wajione wanafanya kazi.

Dereva, wewe kupiga picha ya skrini ndiyo ilikuwa kazi hiyo hiyo.

#15 – dereva_wa_bajaji_tegeta

Halafu ilikuwa inachosha kweli kweli mzee. Mtu huwezi kudhani kazi inayochosha ni ya uongo.

#16 – hela_mfukoni255

Habari wanajamvi, hizo zote ni za zamani. Kuna mpya imeingia mwezi huu, haihitaji kiingilio, unasoma barua 5 tu, inalipa kila Ijumaa, mimi nimeshatoa mara 6. Wa kwanza 50 wanapata bonasi. Njoo PM nikupe linki.

#17 – Nakuru_Kwa_Nyanya

😂😂😂 Imeingia mwezi huu na umetoa mara sita kila Ijumaa. Mwezi wenu uko na Ijumaa ngapi huko?

#18 – shangazi_wa_theluji

Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

#19 – mama_kumi_na_mbili

Wakuu naomba kuuliza kwa upole, msinicheke. Mimi natumia moja ya hizi programu, haijaniomba hela, nina dola 3.15 na kima ni 5. Ninafungua nikiwa kazini, wifi ya ofisi, bando silipi. Niache?

#20 – mwana_mazimbu

@mama_kumi_na_mbili hakuna wa kukucheka hapa. Kama bando si lako na muda ni wa kusubiri bosi atoke kikaoni, malizia. Ila fanya haya. Tumia barua pepe ya pembeni, siyo unayotumia kwa benki na kazi, maana ukijiunga na moja baada ya mwezi unaandikiwa na ishirini. Nywila iwe ya peke yake. Wakikuuliza namba ya kitambulisho cha NIDA kabla hata hujafikisha kima, toka. Soma mahali wanapoandika kuhusu akaunti iliyolala, nyingi ukikaa siku 30 au 60 bila kubofya wanafuta salio. Ndugu yangu mmoja alikwenda msibani kijijini, karudi anakuta sifuri. Na angalia leo, siyo ukishafika 5, wanalipa kwa njia gani na kama njia hiyo inafika kwenye nchi yako. Na ukifika kima, toa siku hiyo hiyo, usisubiri iwe kumi.

Halafu muulize wa IT kama ofisini wanaruhusu. Kwenye zile kurasa kuna madirisha yanajifungua yenyewe, yanasema simu yako ina virusi, pakua hiki. Usipakue.

#21 – mama_kumi_na_mbili

Ahsante kaka. Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Wanalipa kwa kadi za zawadi za duka la Marekani 🤦🏾‍♀️

#22 – shangazi_wa_theluji

Duka gani? Kama ninalifahamu nitakununulia hiyo kadi nikutumie hela. Serious. Njoo PM, na usimwambie hela_mfukoni.

#23 – kiberiti_baridi

Nimemuuliza yule rafiki yangu wa #2. Ana watu 400 chini yake. Nimemuuliza yeye mwenyewe anafungua barua ngapi kwa siku. Kasema hana muda huo.

#24 – kobe_wa_kihonda

mwana_mazimbu, nimeisoma hii toka mwanzo nikiwa nimeshika kiuno.

Mimi ni mmoja wa wale wawili wa dhahabu. Ulinipa linki kwenye foleni ya kantini siku ya wali maharage, ukanichorea mahesabu kwenye kiganja kwa kalamu. Nilitumia kadi ya benki ya dada yangu, nikamwambia ni ada ya mtihani. Nilipata dola 3 na kitu, programu ikafunga Septemba hiyo hiyo uliyosema. Miaka yote hii nilidhani tumeliwa wote wawili. Kumbe wewe ulikuwa na asilimia 10 yako!

#25 – mwana_mazimbu

Kobe!! Nisamehe ndugu yangu. Kiganja nakikumbuka, ulikataa kunawa ukaenda darasani hivyo hivyo.

Daftari ukurasa wa 61, tarehe 14 Julai, imeandikwa: "K. kanunua dhahabu. +2.00. Mungu mkubwa." Sikuandika wewe umetoa ngapi. Safu hiyo sikuwa nayo kwenye daftari.

Dola 2 hizo ni haki yako. Kwa bei ya siku ile ni 3,200. Nipe namba PM nikutumie sasa hivi.

#26 – kobe_wa_kihonda

Nimekutumia namba. Tuma na ya kutolea.